Kabla ya kugeuza kitako cha buli la Satsuma

Wiki iliyopita msomaji mmoja alinitumia picha za buli la Kijapani lenye nakshi za dhahabu, akaniuliza kama pauni 200 ni bei ya haki kwa Satsuma, yaani vyombo vya udongo vya Kijapani vyenye nakshi, ya zama za Meiji (1868 hadi 1912). Picha zote tatu zilikuwa za mhuri ulio kitakoni. Nilipoziona, kidonda changu cha zamani kilitoneshwa.

Miaka sita iliyopita, katika mnada mmoja hapa London, nilinunua buli la aina hiyohiyo kwa sababu tu lilikuwa na msalaba ndani ya duara, yaani alama ya ukoo wa Shimazu uliotawala eneo la Satsuma, kusini mwa kisiwa cha Kyushu. Nilikuwa nimesoma kwamba ukoo huo ndio uliowachukua wafinyanzi kutoka Korea wakati wa vita vya 1592 hadi 1598, na kwamba vyombo vyao vilionyeshwa Paris mwaka 1867, basi nikajiona mjuzi. Muuzaji aliniita mtaalamu, nami nikalipa bila hata kuomba kupunguziwa. Usiku ule, chini ya lenzi, nyuso za mabibi waliochorwa zikageuka vitone vidogo vidogo, kama picha ya gazeti. Zilikuwa zimechapwa na kubandikwa. Ile alama niliyoitegemea iliwekwa pia kwenye vyombo vilivyotengenezwa mbali kabisa na Satsuma, kwa ajili ya wanunuzi wa nje wenye haraka kama mimi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza na lenzi. Dhahabu iliyopakwa kwa brashi huinuka kidogo ukiipapasa, na hufifia mahali mikono iliposhika kwa miaka mingi. Mhuri uache uwe wa mwisho: maneno “Made in Japan” hayapatani na madai ya miaka ya 1870, kwa kuwa sheria ya Marekani iliyodai jina la nchi kwenye bidhaa ilitungwa mwaka 1890, na kwa miaka mingi neno lililotumika lilikuwa Nippon, yaani Japani kwa Kijapani, hadi 1921. Tumia lenzi, narudia, hata muuzaji akinuna.

Mwaka jana nililipa pauni 35 kwa buli dogo la Banko, ufinyanzi wa Kijapani kutoka mji wa Yokkaichi, ambalo wenzangu walilipita kwa kuwa halina dhahabu. Kuta zake ni nyembamba mno, na alama za vidole vya mfinyanzi zinaonekana hadi leo. Nilikuwa nimelishika mkononi robo saa nzima kabla ya kuligeuza.

Wewe mwombe muuzaji picha ya karibu ya uso mmoja tu wa mwanamke aliyechorwa, kisha unitumie.