Barua kwa mwanangu: Kwa nini Berlin ililishwa kwa ndege

Mwanangu Zuhura,

Baada ya salamu, barua yako nimeipata. Unauliza mambo mawili kuhusu Berlin ya mwaka 1948: Stalin, kiongozi wa Wasovieti, alipofunga njia za kuingia mjini, kwa nini Wamarekani hawakupitisha malori kwa nguvu? Na yeye aliyethubutu kufunga barabara, mbona hakuzitungua ndege? Kwa vile kazi yako ni mizigo ya bandarini, nitakujibu kwa tani na dakika.

Anza na karatasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Ujerumani iligawanywa kanda nne, za Wamarekani, Waingereza, Wafaransa na Wasovieti, na Berlin nayo ikagawanywa sehemu nne, ingawa mji wenyewe ulikuwa ndani ya kanda ya Wasovieti, zaidi ya kilomita 150 kutoka kanda za magharibi. Kuhusu barabara na reli, majenerali walielewana kwa mdomo tu. Kuhusu anga waliandikiana, kwa kuhofia ndege kugongana: tarehe 30 Novemba 1945 zilikubaliwa shoroba tatu za anga, yaani njia maalumu za ndege, kila ushoroba ukiwa na upana wa maili 20.

Juni 1948 nchi za magharibi zilitoa sarafu mpya, marka, katika kanda zao. Stalin aliona wazi kwamba dola ya Ujerumani Magharibi ilikuwa inaundwa. Tarehe 24 Juni reli, barabara na mifereji ya kuingia Berlin Magharibi vikafungwa, na umeme kutoka upande wa mashariki ukakatwa. Kwa kufunga ardhi, hakuvunja mkataba ulioandikwa. Kutungua ndege ndani ya ushoroba kungekuwa kuvunja saini yake na kuanzisha vita, tena na taifa ambalo wakati huo ndilo pekee lililokuwa na bomu la atomiki. Jenerali Lucius Clay, mkuu wa Wamarekani nchini Ujerumani, naye alitaka kupeleka msafara wenye silaha barabarani, lakini Washington ikamkatalia, maana risasi ya kwanza ingekuwa yake. Hilo ndilo jibu la maswali yako yote mawili: hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kufyatua.

Sasa mzigo. Berlin Magharibi ilikuwa na watu zaidi ya milioni mbili, chakula cha siku kama 36 na makaa ya mawe ya siku kama 45. Kiwango cha chini kilichohitajika ni tani 4,500 kwa siku, tani ya Kimarekani ya kilo 907. Chakula kilichukua tani 1,500 hivi: unga na ngano 646, sukari 180, viazi vilivyokaushwa 180, nyama na samaki 109, chumvi 38, hata hamira tani 3. Angalia akili iliyotumika hapo. Sehemu kubwa ya viazi vibichi ni maji, na mkate nao huwa mzito kuliko unga wake kwa sababu ya maji. Kwa hiyo vilisafirishwa vikavu, na mkate ukaokwa mjini. Lakini tanuri linahitaji moto, na ndiyo maana karibu theluthi mbili ya mzigo wote iligeuka kuwa makaa ya mawe.

Ndege za mwanzo, C-47, zilibeba tani tatu tu. Piga hesabu: safari 1,500 kila siku. Haiwezekani. C-54 ilibeba tani 10, ikashusha hesabu hadi safari 450. Tena kuchanganya ndege za kasi tofauti kwenye foleni moja kuna hatari, kwa sababu iliyo nyuma huifikia iliyo mbele. Waamerika wakaziondoa C-47.

Somo kubwa lilikuja Ijumaa ya tarehe 13 Agosti 1948. Mawingu yalishuka hadi kwenye mapaa karibu na Tempelhof, uwanja wa ndege wa Berlin. C-54 moja ilipitiliza njia ya kutua ikaungua, nyingine ikapasua matairi, ya tatu ikatua kwenye njia iliyokuwa bado inajengwa. Angani ndege zikawa zinazunguka moja juu ya nyingine bila pa kwenda. Jenerali William Tunner, mkuu wa operesheni, alikuwa ndani ya mojawapo. Aliamuru zote zirudi, kisha akaweka kanuni ambazo kwangu mimi ndizo zilizouokoa mji. Rubani ana jaribio moja tu la kutua. Akikosa, anarudi na mzigo wake. Kila rubani huruka kwa kufuata vyombo vya ndege, si macho yake, hata jua likiwaka. Ushoroba wa kaskazini na wa kusini ni wa kuingia, wa katikati ni wa kutoka. Ndege moja kila dakika tatu: hizo ni 480 kwa siku, karibu tani 4,800. Rubani na wenzake hawaondoki kando ya ndege yao. Chai na vitafunio huletwa kwa gari huku Waberlin wakishusha mzigo, kazi iliyofika chini ya nusu saa.

Matatizo hayakukosekana. Vumbi la makaa liliingia kwenye nyaya na vyombo vya rubani, hata magunia yakawa yanaloweshwa ili kulizuia. Chumvi hula bati la ndege, kwa hiyo Waingereza waliibeba kwa ndege za majini aina ya Sunderland, zilizotua kwenye maji ya mto Havel. Mitambo ya kujengea uwanja mpya wa Tegel haikuingia ndani ya ndege. Ilikatwa vipande, ikarushwa, ikaunganishwa tena kwa kuchomelea. Tegel ilijengwa na maelfu ya Waberlin, wanawake kwa wanaume, juu ya kifusi cha nyumba zao zilizobomolewa na mabomu, kwa miezi mitatu hivi. Nao hao walikuwa na umeme saa chache tu kwa siku. Wasovieti walipowaahidi mgao wa chakula wakijiandikisha mashariki, wengi walikataa.

Watu husahau kwamba magharibi nayo ilizuia chuma na makaa ya mawe kwenda kanda ya mashariki, na viwanda vya huko vikaumia. Mzingiro uliondolewa tarehe 12 Mei 1949, lakini ndege ziliendelea hadi 30 Septemba ili kujaza maghala, kwani hakuna aliyeiamini barabara. Jumla ilikuwa tani milioni 2.3, safari zaidi ya 277,000, na watu 101 walipoteza maisha. Haki ya kupita ardhini bila kizuizi ilikuja kuandikwa katika mkataba wa nchi nne wa mwaka 1971.

Wasalimie wajukuu zangu.

Baba yako