Kwa nini Jamaika na wenzake bado wanakata rufaa London, na mlango wa kutokea uko wapi

Wakuu,

Mleta uzi ameuliza hivi: Jamaika imejitawala tangu 1962, Trinidad ni jamhuri tangu 1976, inakuwaje kesi zao za mwisho ziamuliwe na majaji wa London, na kwa nini wasipige kura Bungeni siku moja wakajitoa? Wachangiaji kadhaa wamejibu kwamba ni kasumba ya ukoloni. Kasumba ipo, sikatai. Ila haielezi kwa nini Saint Lucia imetoka na Grenada imekwama, ilhali ni visiwa vya ukanda mmoja, historia inafanana, hata Mahakama ya Rufaa yao ni moja. Jibu limo kwenye ibara za katiba. Kila nchi ilikabidhiwa uhuru pamoja na kufuli lake, yaani masharti ya kubadili katiba, na makufuli hayafanani.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo humu yanachanganywa. Kumwondoa mfalme kama mkuu wa nchi ni jambo moja, kuondoa rufaa za Privy Council, yaani hao majaji wa London, ni jambo jingine, na kila moja lina ibara yake. Guyana iliondoa yote mwaka 1970. Trinidad na Tobago ilimwondoa malkia 1976 ikabakiza rufaa hadi leo. Barbados ilianza na rufaa mwaka 2005, malkia akafuata tarehe 30 Novemba 2021. Hata Mauritius, hapa kwetu Bahari ya Hindi, ni jamhuri tangu 1992 na bado rufaa zake za mwisho zinakwenda London.

Huko London zinasikilizwa na Kamati ya Mahakama ya Privy Council, iliyoundwa kwa sheria ya Uingereza ya 1833. Inakaa jengo moja na Mahakama ya Juu ya Uingereza, na majaji kwa sehemu kubwa ni walewale. Kwa kawaida wanakaa watano. Nchi huru za Karibi zilizobaki huko ni saba: Jamaika, Bahamas, Trinidad na Tobago, Antigua na Barbuda, Saint Kitts na Nevis, Grenada, na Saint Vincent na Grenadines.

Mtu akisoma Ibara ya 110 ya Katiba ya Jamaika anaweza kudhani rufaa hiyo iko wazi kwa kila mwananchi. Inasema kesi ya madai ikiwa na thamani ya dola 1,000 na kuendelea, mhusika ana haki ya kukata rufaa bila kuomba ruhusa kwa hiari ya mahakama. Dola 1,000 za Jamaika leo hazifiki dola 10 za Marekani. Kwa hiyo kwenye karatasi mlango uko wazi kabisa. Sasa fuata safari yenyewe: unahitaji mawakili wanaofanya kazi London, ada zinalipwa kwa pauni, na tangu 2003 Mjamaika haingii Uingereza bila viza. Yaani mtu anaomba viza ya nchi nyingine ili akae kwenye kiti cha nyuma cha mahakama ya juu kabisa ya nchi yake, na afisa wa viza anaweza kumkatalia. Hili mimi naliona ndilo doa kubwa kuliko bendera wala wimbo.

Mahakama mbadala ipo. Mahakama ya Haki ya Karibi, inayofahamika kwa kifupi cha CCJ, mkataba wake ulisainiwa tarehe 14 Februari 2001 na ikazinduliwa 16 Aprili 2005 huko Port of Spain. Ina kofia mbili. Ya kwanza ni kutafsiri Mkataba wa Chaguaramas, ule wa soko la pamoja la CARICOM (Jumuiya ya Karibi), na hapo nchi wanachama zinabanwa hata kama bado zinapeleka rufaa London. Mfano ni hukumu ya 2013: mwanamke wa Jamaika alizuiwa kuingia Barbados na kudhalilishwa uwanja wa ndege, mahakama ikaiamuru Barbados imlipe fidia ya dola 75,000 za Barbados pamoja na gharama za dola 2,240, na ikatamka kwamba raia wa CARICOM ana haki ya kuingia na kukaa miezi 6 isipokuwa kwa sababu finyu. Kofia ya pili ni rufaa ya mwisho, na hiyo wamejiunga watano tu: Barbados na Guyana (2005), Belize (2010), Dominica (2015) na Saint Lucia (2023). Trinidad, inayoipa mahakama hiyo makao, haimo.

Wapo wanaohofia kwamba mahakama ya nyumbani itawekwa mfukoni na mawaziri wakuu. Hofu hiyo nisingeipuuza, lakini angalieni ilivyojengwa. Benki ya Maendeleo ya Karibi ilikopa dola milioni 100 za Marekani, zikawekwa kwenye mfuko wa dhamana, na mahakama inaendeshwa kwa mapato ya mfuko huo. Serikali iliyokasirishwa na hukumu haiwezi kusimamisha mishahara. Majaji wanateuliwa na tume ya watu 11. Wakuu wa nchi wanahusika kwa rais wa mahakama peke yake, tena kwa pendekezo la tume hiyohiyo. Rais wa pili, Sir Dennis Byron, wengi wa Arusha wanamfahamu: alitokea kuongoza Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda.

Na mahakama hiyo imeshapimwa kwenye moto wa kweli. Desemba 2018 Bunge la Guyana lilipiga kura ya kutokuwa na imani na serikali: 33 dhidi ya 32. Serikali ikadai kwamba nusu ya 65 ni 32.5, ikikuzwa inakuwa 33, ukiongeza 1 unapata 34, kwa hiyo wingi haukutimia. Mahakama ya Rufaa ya Guyana ikakubali hesabu hiyo. Juni 2019 CCJ ikaitupa: kwenye Bunge la watu 65, wingi ni 33, basi. Mwaka uliofuata ikatengua pia uamuzi wa Mahakama ya Rufaa uliochomeka neno "halali" kwenye ibara inayohusu kura za urais. Rais mpya akaapishwa tarehe 2 Agosti 2020. Nchi iliyokuwa imekaa miezi mitano bila matokeo ya uchaguzi ilipata jawabu kutoka Port of Spain.

Sasa makufuli yenyewe.

Jamaika kwanza, maana ndiyo inayofundisha zaidi. Ibara ya 110 peke yake haina ulinzi maalumu, ndiyo maana mwaka 2004 serikali ilipitisha sheria tatu kwa wingi wa kawaida, ikafuta rufaa za London na kuingiza CCJ. Februari 2005 Privy Council yenyewe ikazibatilisha. Wengi walisema London inajilinda. Soma hoja: majaji wa juu wa Jamaika wamelindwa na katiba, hawaondolewi kirahisi. Ukiweka juu yao mahakama ambayo majaji wake hawana ulinzi huo ndani ya katiba ya nchi, na ambayo Bunge linaweza kuifuta kesho kwa wingi wa kawaida, umedhoofisha ngome yote. Kwa hiyo kufuta rufaa tu kunawezekana kwa wingi wa kawaida, lakini kuweka mahakama mpya juu lazima kupitie utaratibu mgumu wa Ibara ya 49. Mimi naamini hoja hiyo ni sahihi, na inamhusu kila anayebuni mahakama mpya popote: kufuli la mahakama mpya lisiwe jepesi kuliko la ile unayoiondoa.

Utaratibu huo mgumu uko hivi. Muswada unawekwa mezani, unasubiri miezi 3 kabla mjadala kuanza. Mjadala ukiisha, unasubiri miezi mingine 3 kabla ya kupitishwa. Kisha theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila chumba: wabunge 42 kati ya 63, maseneta 14 kati ya 21. Hapa ndipo mtego ulipo. Maseneta 13 wanateuliwa kwa ushauri wa waziri mkuu, 8 kwa ushauri wa kiongozi wa upinzani. Hata serikali ikishinda viti vyote 63 vya Bunge, bado inahitaji seneta mmoja kutoka upande wa pili. Mei 2015 muswada wa CCJ ulipita Bungeni kwa 42 dhidi ya 21, yaani bila hata kura moja ya ziada, ukaenda kufia Seneti kwa kumkosa huyo mtu mmoja. Kumwondoa mfalme kunadai zaidi: baada ya hatua zote hizo inafuata kura ya maoni. Muswada wa jamhuri wa Desemba 2024 ulikwama kwenye mpangilio: serikali ilitaka mfalme aondoke kwanza na rufaa zijadiliwe baadaye, upinzani ukashikilia viondoke pamoja. Bunge likavunjwa kwa uchaguzi wa Septemba 2025, muswada ukaisha nguvu.

Trinidad haidai kura ya maoni kabisa, ila inadai robo tatu ya Bunge, viti 31 kati ya 41, na theluthi mbili ya Seneti, 21 kati ya 31. Seneti ina 16 wa serikali, 6 wa upinzani na 9 huru. Muungano ulioshinda kwa kishindo 2010 ulipata viti 29. Hesabu inajieleza.

Antigua na Grenada ndizo zenye kufuli zito: kura ya maoni, na "ndiyo" lazima ifike theluthi mbili ya kura halali. Zote mbili zilipiga kura siku moja, 6 Novemba 2018. Antigua ilipata karibu asilimia 48 za ndiyo, Grenada karibu 45. Grenada ilikuwa imeshajaribu 2016, ikaweka miswada saba kwa mpigo, yote ikaanguka. Saint Vincent ilifanya kosa kama hilo Novemba 2009: katiba nzima mpya, jamhuri na CCJ ndani ya karatasi moja, ikapata asilimia 43. Anayechukia kipengele kimoja anakataa vyote. Na kiwango kikiwa theluthi mbili, upinzani ukisema hapana, muswada umeshashindwa hata kabla ya kampeni, kwa sababu mpiga kura anageuza swali la mahakama kuwa swali la serikali iliyopo madarakani.

Dominica na Saint Lucia zina mwanya ambao Antigua na Grenada hazina. Katiba zao zinaruhusu kuondoa rufaa bila kura ya maoni ikiwa mabadiliko yanatekeleza makubaliano na Uingereza kuhusu rufaa hizo. Uingereza haikuwa na pingamizi. Mwaka 2009 rais wa Mahakama ya Juu yake, Lord Phillips, alisema wazi kwamba kesi hizi zinakula muda mwingi wa majaji wake. Saint Lucia ilikuwa na tatizo la ziada: rejea ya namba ndani ya Ibara ya 41 ilikuwa imekosewa, na ikisomwa ilivyo mwanya unafungika. Haikubahatisha. Ilipeleka swali Mahakama ya Rufaa kwa njia ya ushauri, na mwaka 2013 majaji wawili dhidi ya mmoja wakasema ni kosa la uandishi. Miaka kumi baadaye serikali yenye viti vya kutosha ikapata robo tatu yake, ikatoka.

Kuhusu hukumu ya kifo, maana nayo imetajwa humu. Mwaka 1993, katika kesi ya Pratt na Morgan, Privy Council ilisema kumnyonga mtu aliyekaa zaidi ya miaka 5 akisubiri kifo ni unyama, na adhabu za wengi zikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Wanasiasa walikasirika, na CCJ ikauzwa kwa wananchi kama mahakama itakayorudisha kitanzi. Imekuwa kinyume. Mwaka 2018 CCJ ilifuta hukumu ya kifo ya lazima Barbados, ikakataa kujificha nyuma ya ibara inayohifadhi sheria za kikoloni. Mwaka 2022 jopo la majaji tisa la Privy Council likasema ibara ya namna hiyohiyo Trinidad inaendelea kuilinda adhabu hiyo. Kwa hiyo anayeipinga CCJ kwa kuogopa kitanzi, na anayeitaka kwa kukitamani, wote wawili wasome tena hukumu hizo.

Mchangiaji mmoja ameuliza mbona Tanganyika ilitoka haraka. Ilitoka Desemba 1962 ilipokuwa jamhuri, na TANU ilikuwa na viti 70 kati ya 71. Tena chini yake ilikuwepo Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki inayofanya kazi tayari. Hatari ilikuja baadaye: mahakama hiyo ya pamoja ilikufa 1977 jumuiya ilipovunjika, Tanzania ikasimamisha Mahakama yake ya Rufaa 1979. Kina Barbados walijihadhari na hatari ya namna hiyo: fedha za CCJ ziliwekwa kwenye mfuko kabla mahakama haijazinduliwa.

Mambo mawili ya mwisho ambayo mara nyingi hayaandikwi vizuri kwenye miswada. Kesi ambazo tayari zina kibali cha kwenda London lazima ziachwe zimalizike hukohuko, la sivyo mtu ananyang'anywa rufaa aliyokwisha kuipata. Na maamuzi ya zamani ya Privy Council hayafi siku ya kuhama: katika kesi ya Barbados ya 2006, CCJ ilisema yanaendelea kuifunga nchi husika mpaka yenyewe itakapoyatengua.