Nimesasisha programu ya muziki, sasa CD hazichomeki

Barua za safari hii zina kidonda kimoja: programu ya muziki imesasishwa, na tangu hapo kuchoma CD kumekwama. Nimezipanga kwa mfuatano ambao ningeufuata mwenyewe nikiwa mbele ya kompyuta.

Swali: Fundi, juzi programu yangu ya muziki iliomba niisasishe, nikakubali. Sasa nikichoma CD inafika katikati, inasimama, inatema diski. Nimeshaharibu nne. Nirudi toleo la zamani?

Jibu: Pole sana, lakini usirudi bado. Jua kwanza mgonjwa ni nani: programu, au kiendeshi cha CD chenyewe. Windows inaweza kuchoma diski bila msaada wa programu ya muziki, na Mac hufanya hivyo kupitia Finder, dirisha lake la kuvinjari mafaili. Chukua mafaili machache ya kawaida, yachome kwa njia hiyo, kisha yafungue kutoka kwenye diski. Yakifunguka, kiendeshi ni kizima na lawama inabaki kwa programu. Kukikwama huko nako, hakuna toleo la zamani litakalokuokoa, kwa sababu leza huchoka na kushika vumbi, na inaweza kufikia mwisho wake wiki ileile uliyosasisha.

Kwa majaribio haya tumia CD-RW, ile inayofutika, usizidi kupoteza diski. Kisha angalia kasi ya kuchoma kwenye mipangilio ya programu. Ukikuta imewekwa ya juu kabisa, ishushe hadi mara 8. Diski ya dakika 80 itachukua kama dakika kumi, na nimeona diski nyingi zilizokuwa zikigoma zikikubali kwa mabadiliko hayo tu.

Swali: Nimejaribu, kiendeshi ni kizima, tatizo ni iTunes mpya, programu ya muziki ya Apple, kwenye Windows. Nirudi vipi nyuma bila kupoteza orodha zangu za nyimbo?

Jibu: Hapa naomba twende polepole, maana mimi niliumia hapahapa. Kuna programu moja niliyoiondoa kwa hasira usiku, nikaweka ya zamani, nikaifungua. Ukurasa mweupe. Nyimbo zote zilikuwa salama kwenye folda zake, lakini nyota nilizozipa kwa miaka, hesabu ya mara nilizosikiliza, na orodha ya nyimbo za marehemu mama niliyoipanga wimbo kwa wimbo, vyote havikuwepo. Sikuwa na nakala.

Sababu yake ni hii. Muziki ni kitu kimoja, na daftari linaloorodhesha muziki huo ni kitu kingine. Kwenye iTunes daftari hilo ni faili linaloitwa iTunes Library.itl, ambalo kwa kawaida limo kwenye folda ya iTunes ndani ya folda yako ya muziki. Toleo jipya likilifungua kwa mara ya kwanza hulibadilisha liwe la mtindo wake, na baada ya hapo toleo la zamani hukataa kulisoma, likisema limetengenezwa na toleo jipya zaidi. Nafuu ni kwamba kabla ya kulibadilisha, iTunes huweka nakala ya daftari la zamani kwenye folda iitwayo Previous iTunes Libraries, na jina la nakala hiyo hubeba tarehe. Hiyo ndiyo tiketi yako ya kurudi.

Funga programu. Nakili folda nzima ya iTunes kwenye diski ya nje, na usiguse kitu kingine mpaka kazi hiyo iishe. Ndipo uondoe iTunes, halafu wenzake iliokuja nao, kwa mpangilio huu: Apple Software Update, Apple Mobile Device Support, Bonjour, na mwisho Apple Application Support. Ukiruka hatua hii, toleo la zamani linaweza kukataa kuingia kwa sababu limekuta vipande vipya zaidi yake. Washa kompyuta upya, kisha sakinisha toleo la zamani ulilolipata kwa Apple wenyewe. Usilichukue kwenye tovuti za kupakua ovyo, kwani nyingi hufungasha na takataka.

Kabla hujaifungua iTunes, hamisha iTunes Library.itl iliyopo uiweke kando. Chukua nakala yenye tarehe ya siku uliyosasisha, iweke mahali pake, na uipe jina lilelile, iTunes Library.itl. Sasa fungua. Orodha zako zitakuwepo kama zilivyokuwa siku ile. Nyimbo ulizoongeza baada ya hapo hazitaonekana, lakini mafaili yake yapo, kwa hiyo yaongeze upya kutoka kwenye folda.

Swali: Mimi nina Mac. Hatua ni hizohizo?

Jibu: Kama ni Mac yenye macOS Catalina ya mwaka 2019 au ya baadaye, hapana. Hapo iTunes iliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na Music, ambayo ni sehemu ya mfumo wenyewe, kwa hiyo kuirudisha nyuma ni kurudisha mfumo mzima. Kabla hujafika huko, hakikisha unajua njia ya kuchomea: Music bado inachoma CD, ila inachoma orodha ya nyimbo, haichomi wimbo uliouchagua ukiwa peke yake. Tengeneza orodha, kisha tafuta amri ya kuichoma kwenye menyu ya mafaili.

Swali: Fundi, nimerudi toleo la zamani, mambo yamekuwa mabaya zaidi. Windows haioni kiendeshi cha CD kabisa!

Jibu: Usinunue kingine. Kati ya Windows na kiendeshi hukaa draiva ndogo za kuchuja, yaani programu ndogo zinazopitisha mawasiliano kati yao, na iTunes huweka ya kwake iitwayo GEARAspiWDM. Programu nyingine za kuchoma CD nazo huweka za kwao. Mojawapo ikiondolewa vibaya, faili lake hufutika lakini jina hubaki kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake. Windows ikiwaka inaita jina lisilo na mtu, inashindwa, na inakizima kiendeshi.

Dawa ni kufuta majina hayo. Kwenye rejista nenda HKEY_LOCAL_MACHINE, SYSTEM, CurrentControlSet, Control, Class, hadi folda inayoanza na {4D36E965. Hifadhi nakala yake, kisha futa UpperFilters na LowerFilters humo, na uwashe upya. Tafadhali soma tarakimu mara mbili. Jirani yake anayeanza na {4D36E967 ni wa diski kuu, na ukifuta kwake kompyuta inaweza isiwake tena. Kama mkono unatetemeka, mpe mtu aliyezoea.

Kiendeshi kikirudi, iTunes inaweza kulalamika kwamba mipangilio ya rejista ya kuchomea haipo. Ni kweli, umeifuta wewe. Sakinisha upya toleo lilelile la zamani na itajirudishia draiva yake.

Swali: Kwangu orodha moja inachomeka, nyingine inakataa. Ni kosa la sasisho?

Jibu: Sidhani. Angalia kama kwenye ile inayokataa kuna nyimbo za Apple Music unazozipata kwa kulipia mwezi. Hizo hazichomeki katika toleo lolote. Zilizonunuliwa zamani, kabla Apple hawajaondoa kinga ya kuzuia kunakili kwenye muziki mwaka 2009, huchomeka, ila orodha moja ilikuwa na kikomo cha mara 7.

Swali: Nimefanikiwa kurudi, lakini kila siku naombwa nisasishe. Naweza kubaki hapa milele?

Jibu: Zima ukaguzi wa kila mara kwenye Apple Software Update, uwe unakagua mwenyewe. Kama iTunes yako ilitoka Microsoft Store, itajisasisha bila kukuuliza, kwa hiyo iondoe na uweke ile ya kusakinisha kwa faili. Milele, hapana. Toleo la zamani linabaki na matundu ya usalama yaliyozibwa baadaye, na simu mpya ukiichomeka itadai toleo jipya. Baki hadi litoke toleo jingine, nakili folda ya iTunes, lisakinishe, na ujaribu kuchoma kwenye CD-RW kabla hujaongeza hata wimbo mmoja. Na lile faili la kusakinishia toleo la zamani liweke kwenye diski ya nje pamoja na nakala, liwe na namba ya toleo kwenye jina lake.