Shirazi kwenye cheti cha baba: je, asili yetu ni Iran?

SWALI: Asalaam alaykum, mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Wete, Pemba. Cheti cha kuzaliwa cha baba, cha mwaka 1943, kinamwandika babu kwa jina la mwisho Shirazi, lakini ndugu zake babu hawakulitumia kabisa. Je, huo ni ushahidi kwamba tulitoka mji wa Shiraz? Nikipima vinasaba (DNA) nitapata jibu? Nauliza kwa sababu nataka kumwandikisha mwanangu kwa jina hilo.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Kwa cheti hicho peke yake, hapana. Cheti kinathibitisha kwamba mwaka 1943 babu yako alijiita Shirazi, au aliandikwa hivyo na karani. Shiraz yenyewe ni habari nyingine.

Jina la mji mtu hulipata akishautoka mji wenyewe. Barawa kwenyewe, mji wa pwani ya Somalia, kumwita mtu Barawi hakumtofautishi na jirani yake. Sheikh Uways bin Muhammad (1847–1909), khalifa wa tarika ya Qadiriyya, alijulikana kama al-Barawi kwa wale aliowafikia, Unguja wakiwemo. Wakati mwingine hata huo mji haukuwa kwao. Pwani yetu Mhadhrami yeyote, yaani mtu wa Hadhramaut huko Yemen, huitwa Mshihiri, ingawa wengi wao walizaliwa mbali na Shihr. Shihr ilikuwa bandari, na jina la bandari likawafunika watu wa mabonde ya ndani.

Shiraz haina bahari. Bandari kubwa ya Fars, nchi ya Iran ulipo mji wa Shiraz, ilikuwa Siraf, iliyofanya biashara na pwani yetu mpaka ilipoharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 977, ikaanza kufifia. Maandishi ya Kikufi (hati ya kale ya Kiarabu) kwenye kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 Hijria (1107), yanafanana na mtindo wa mawe ya makaburi ya Siraf. Kwa maoni yangu, wengi wa waliokuja kutoka upande ule walikuwa watu wa bandarini, ila mji uliokuwa na sifa ni Shiraz, na sifa ndiyo iliyobaki midomoni.

Habari za Kilwa, zilizoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, zinasimulia sultani wa Shiraz na wanawe sita waliosafiri kwa majahazi saba, kila moja likatua mahali pake. Ali bin al-Hasan akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kukizunguka. Kisa ni kitamu, lakini msisome kama orodha ya abiria. Ali mwenyewe hata hivyo si wa hadithi tu: hapo kwenu Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na miongoni mwake zimo zenye jina lake.

Nina kipimo changu katika kazi hii: kadiri mji ulivyo mdogo, ndivyo ninavyoliamini zaidi jina lake. Hakuna anayejipachika jina la kijiji kisichojulikana ili apate heshima. Ukoo wa Mombasa ukikwambia wao ni Wajomvu au Wamtwapa, yaani watu wa Jomvu au Mtwapa, huna sababu ya kubisha. Shirazi ni jina la fahari, na majina ya fahari huvutia hata wasiohusika.

Ndiyo maana nauangalia sana huo mwaka wa 1943. Jumuiya ya Washirazi ilianzishwa hapo Pemba mwishoni mwa miaka ya 1930. Vita vilipokatiza mchele kutoka nje, serikali ya kikoloni iligawa chakula kwa kabila: Waarabu na Wahindi fungu lao, Waafrika fungu lao. Kabila lililoandikwa kwenye karatasi likawa na uzito mpaka jikoni. Watu wenye asili moja waliweza kujiandikisha tofauti, na sidhani tuna haki ya kuwacheka. Siasa ikafuata. Februari 1957 Afro-Shirazi Party iliundwa kwa kuunganisha jumuiya ya Waafrika na ya Washirazi, na mwaka 1959 baadhi ya Washirazi, wa Pemba hasa, wakajitenga na kuunda chama cha ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party). Baada ya Mapinduzi ya 1964 kujitangaza kwa kabila hakukupendwa tena. Ndugu za babu huenda hawakuwahi kulitumia, au walilitumia wakaliacha. Tafuta hati zao za kabla ya 1957: za ndoa, za wakfu, za mashamba ya mikarafuu. Anzia Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Ukilikuta jina hilo kwa baba yake babu, kabla ya miaka ya 1930, hapo kesi yako inapata nguvu kubwa.

Kuhusu vinasaba: Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa mabaki ya watu 80 waliozikwa takriban kati ya 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani. Wengi wao walikuwa na mama wa Kiafrika na, kwa upande wa wanaume, asili ya Asia, ya Uajemi (Iran) hasa, kuchanganyika kulikoanza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo simulizi za Washirazi si uzushi mtupu. Lakini kipimo cha dukani hakitakutajia mji. Isitoshe, wewe ni mwanamke. Kromosomu Y, inayofuata mstari wa baba, huna. Mpime kaka yako au baba, na mkipata dalili ya Uajemi mjue ni ya babu mmoja tu katika maelfu mlio nao kwa vizazi hivyo vyote.

Mwanao mwandikishe utakavyo. Ila kwa desturi yetu ya majina matatu, ukiweka Shirazi mwishoni unalisukuma nje jina la babu yake mzaa baba, na huyo ana ushahidi kamili. Kama unayataka yote mawili, waulize ofisi ya usajili kabla hujajaza fomu kama wanapokea jina la nne, maana kulirekebisha baadaye ni usumbufu wa viapo na foleni.