Maswali Yenu: Homoni na Makali ya Virusi

Mume wangu akipata homa anaanguka kitandani. Mimi naugua huku nafua. Anadeka? (Msomaji, Morogoro)

Usimhukumu haraka. Estrojeni huamsha chembe za kinga, testosteroni huzipunguza kasi. Tena jeni iitwayo TLR7, inayousaidia mwili kugundua virusi kama vya mafua na korona, imo kwenye kromosomu X, na mwanamke anazo mbili. Uchambuzi wa mwaka 2020 uliohusu wagonjwa zaidi ya milioni 3 wa UVIKO-19 ulionyesha jinsia zote ziliambukizwa karibu sawa, ila uwezekano wa kulazwa chumba cha mahututi ulikuwa karibu mara 3 kwa wanaume. Sigara na kuchelewa kwenda hospitali navyo vimo.

Basi wanaume wapewe estrojeni?

Hapana, inaweza kugandisha damu. Na kinga kali ina gharama zake: kati ya wagonjwa 10 wa lupus, ambapo kinga huugeukia mwili wenyewe, 9 hivi ni wanawake.

Natumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Majirani wanasema inaleta VVU. Niache? (Kisumu)

Dada, usiache kwa maneno ya jirani. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: tafiti za awali zilitia shaka kwamba homoni ya sindano hurahisisha maambukizi. Ndipo wanawake 7,829 wa Kenya, Zambia, Afrika Kusini na Eswatini wakagawanywa kwa bahati nasibu: sindano, kipandikizi, au kitanzi cha shaba kisicho na homoni. Matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya VVU baina yao. Kinachoniuma ni kingine: katika makundi yote, karibu wanawake 4 kati ya 100 waliambukizwa kwa mwaka. Sindano yako inazuia mimba tu. Ulizia kondomu na PrEP, dawa za kujikinga na VVU kabla ya kuambukizwa, hapohapo kliniki.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba, macho yamekuwa ya njano. Tusubiri kliniki ya wiki ijayo?

Msisubiri, mpeleke leo. Wakati wa mimba homoni hubadilisha kinga ili isimshambulie mtoto, na virusi kadhaa hupata nafasi. Macho ya njano yanaweza kuwa dalili ya homa ya ini. Aina ya E, iliyowapata zaidi ya watu 10,000 Kitgum, Uganda, kuanzia 2007, huwaacha wengi wapone wenyewe, lakini mimba ikiwa kubwa inaweza kuua mama mmoja kati ya watano. Husambaa kwa maji machafu, kwa hiyo wote nyumbani chemsheni ya kunywa kuanzia sasa.