Kwa nini tulipie umeme ambao haukutufikia?

Ndugu, umeuliza inakuwaje mteja alipie umeme ambao hakuutumia. Tazama Loiyangalani, kule Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310 kwa jumla, ilikuwa imekwisha kujengwa mwaka 2017. Njia ya kusafirisha umeme huo hadi kituo cha umeme cha Suswa, kule Narok, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari, maana kampuni ya Kihispania iliyopewa kazi hiyo ilifilisika. Umeme ulianza kupita Septemba 2018. Muda wote huo mkataba wa kununua umeme ulihesabu umeme ambao ungezalishwa kana kwamba umezalishwa, na fidia ikabebeshwa umma.

Mwekezaji simlaumu, kwa sababu benki hazikopeshi mradi kama ule bila kifungu cha namna hiyo. (Benki ya Dunia iliondoa dhamana yake mwaka 2012, ikihofia Kenya ingelipia umeme usiohitajika.) Kinachoniuma ni kwamba mitambo ilikuwa ya kampuni binafsi, nyaya zikawa za serikali kupitia KETRACO, kampuni yake ya kusafirisha umeme, na hasara ya kuchelewa ikaangukia upande mmoja tu. Ingefaa malipo yaanze siku nyaya zinapowashwa, au mwekezaji ajenge njia mwenyewe.