Bob ya Nairobi

Swali lenu la wiki hii, kama misimu ya zamani ya Kiingereza, yaani maneno ya mitaani, bado ina uhai, nilitaka kulijibu kwa neno moja: ndiyo. Kila asubuhi makanga wa matatu yetu hudai "fifty bob" na hakuna abiria anayeuliza bob ni nini. Waingereza waliiita shilingi hivyo tangu karne ya 18, na neno bado linatoka mdomoni likiwa moto.

Lakini nikikumbuka London, nasita. Mwaka 2011 nilimtembelea dada yangu huko, na Jumamosi moja akanituma nyanya sokoni. Zilikuwa zimepangwa kwenye mabakuli, kila bakuli pauni moja. Nikamwomba muuzaji, kijana wa miaka 20 hivi, anipunguzie "ten bob", bila kujua kwamba kwao hiyo ilikuwa nusu nzima ya pauni, iliyokuwa na shilingi 20. Akakodoa macho. Nikarudia. Akamgeukia mwenzake. Nyuma yangu mzee mmoja Mwingereza, kikapu mkononi, akaangua kicheko, kisha kikakatika ghafla. Akanisimulia kwamba kila Krismasi baba yake alimpa noti ya ten bob, ya kahawia, naye akiikunja mara nne na kuificha ndani ya soksi. Noti hiyo iliondolewa 1970, na tarehe 15 Februari 1971 hesabu ya shilingi ikaachwa, pauni ikagawanywa kwa peni 100. Aliniuliza mara tatu neno lile nimelitoa wapi. Nikamjibu: nyumbani. Akaninunulia bakuli la pili, nikaona haya kulikataa.

Kwao shilingi iliondoka, neno likabaki na wazee. Kwetu shilingi ipo. Basi hoja si umri wa neno bali kama kitu chake bado kipo, ingawa hilo halitoshi kwa kila neno: "cool" na "groovy", zenye maana ya "poa", zote zilipitia kwa wanamuziki weusi wa jazi Marekani, na ni ya kwanza tu ambayo vijana bado wanaisema bila mzaha.

Kwa hiyo nikiandika hivi jibu langu limegeuka. Hapana, msimu ule wa Waingereza umezeeka. Unaoishi ni wetu. Nasemea Nairobi tu, maana Dar wana buku (elfu moja) na jero (mia tano) zao.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Nilipomwambia "bob" ilitoka Uingereza, alikataa katakata. Alisema ni Sheng. Sikubishana naye.